Kabla ya Marahaba

Ilemela, Jumapili alasiri

Mwanangu Minza,

Begi lako lipo wazi kitandani, na mimi nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea nikiliangalia. Nguo umezikunja vizuri. Michembe ya Bibi, vile viazi vyake vikavu, umeichomeka ndani ya mabuti ili isivunjikevunjike, jambo ambalo watu wa forodha wa huko Ureno watalifurahia watakapoanza kukagua. Mama yako amepita hapa mara mbili akataka kuvuta zipu, nikamwambia aache. Najua kwa nini umeliacha wazi. Uliniambia pale mlangoni ukivaa viatu kwenda kuwaaga wenzako: "Baba, ukinijibu nalifunga. Usiponijibu, kesho uwanja wa ndege mtaenda wenyewe."

Swali lenyewe uliliuliza mezani mchana, mbele ya sato na ugali wa udaga wa muhogo na ndugu wote waliokuja kukuaga. Hukupandisha sauti. Ulisema tu, "Nikiwa huko, Bibi akizidiwa, au akifariki, mtaniambia?" Shangazi yako Kulwa akasema, "Kula mama, samaki anapoa." Mama yako akainuka kwenda kutafuta pilipili, na pilipili ilikuwa mbele yake. Mimi nikasema, "Tutaona." Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa anazungumzwa, aliendelea kuchambua miiba ya samaki wake, huku moyo wake huo ambao daktari anasema umepanuka ukimpandisha na kumshusha mabega.

"Tutaona" si jibu. Mimi ni bwana shamba, na mkulima akiniuliza kama pamba yake imeingiliwa na wadudu siwezi kumwambia tutaona. Namwambia imeingiliwa, ananuna, tunaendelea. Kazini kwangu ninasifika kwa kusema ukweli. Nyumbani sina sifa hiyo, na wewe unajua.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu mdomo wangu haunisaidii. Tukianza kuzungumza nitaingiza utani, utacheka, na begi litabaki wazi. Mambo ya pasipoti, chanjo, nguo za baridi na kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua, Mama yako ameyasema wiki nzima, nami sina la kuongeza. Nataka kukujibu swali lako. Ila jibu lina historia, na historia hiyo umeisikia vipande vipande tu, na vingine vilikuwa vya uongo.

Naanzia kwako. Ulipokuwa kidato cha tatu, bweni, Mama yako alipasuliwa uvimbe. Alilala hospitali majuma mawili, na siku moja katikati hapo sikuwa na hakika kama nitarudi naye. Wewe ulipopiga simu kwa matroni nikakuambia Mama yuko Shinyanga kwenye harusi. Ukauliza harusi ya nani, nikataja jina la kwanza lililonijia. Ulipofunga shule ukamkuta anatembea ameinama, ukaliona kovu, ukaniangalia. Hukulia wala hukugomba. Uliingia chumbani kwako, na tangu siku ile, ukiniuliza jambo lolote la nyumbani, unaenda kumuuliza na Mama yako, halafu unalinganisha. Unadhani sikuona. Niliona, na iliniuma, na nilijua nimestahili. Nilisema nilifanya vile usome kwa amani. Nimekuja kujua kwamba amani ile ilikuwa yangu mimi.

Sasa nikupeleke nyuma zaidi. Unajua kwamba mimi pia niliwahi kwenda kujitolea ng'ambo nikiwa kijana. Umeiona ile picha ukutani, mimi na wazungu wanane tumesimama mlimani, mvua inanyesha, wote tunacheka isipokuwa mimi. Nilikuwa nasoma chuo cha kilimo, chama kimoja cha vijana wa kujitolea kikaja kutafuta watu, nikachaguliwa kwenda Uskochi miezi mitatu kutengeneza njia za milimani. Kazi ilikuwa kubeba mawe na kuyapanga. Mtoto wa Mwanza, aliyekulia kwenye mawe, akapandishwa ndege mbili kwenda kubeba mawe. Baba yangu, Babu yako Mabula, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kwani hapa yameisha?" Nakumbuka kicheko kile vizuri sana kwa sababu sikumsikia tena akicheka.

Kiongozi wa kambi alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu, jina lake Morag. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Morag alinipa jembe kabla sijamaliza chai. Akanipa na mabuti. Mabuti yale yalikuwa madogo, yananibana hata nikiwa nimekaa. Akauliza yananitosha? Nikasema yananitosha kabisa, ahsante sana. Ungefanyaje? Umefika kwa watu, wamekupa kitu kwa mikono miwili, uanze kukitoa kasoro? Mimi sikulelewa hivyo. Kila asubuhi Morag aliuliza, miguu haijambo? Nami nikajibu kila asubuhi, haijambo. Nilipanda mlima na kushuka kwa mabuti yale mpaka siku niliposhindwa kuyavua jioni, wakayakata kwa kisu. Kucha mbili zilitoka nayo. Vile vidole vyangu unavyovicheka, kwamba vimefanana na tangawizi, vilipatikana hapo.

Nilitegemea Morag anihurumie. Alikasirika. Alikaa kwenye sakafu, ameshika kile kipande cha buti, akaniambia maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyasema hivi: "Sikukupa viatu ili unishukuru. Nilikupa ili utembee." Halafu akaenda kuleta maji ya moto. Niliona ni mama asiye na adabu. Nilikaa na hasira naye siku kadhaa, mimi na miguu yangu kwenye beseni. Maneno yake yamenichukua miaka mingi kuyaelewa, na nimeyaelewa vizuri zaidi leo mchana mezani.

Usifanye kama mimi. Kule mlimani Ureno unakokwenda kupanda miti watakuuliza kama umechoka, kama chakula unakiweza, kama koleo ni zito. Wengi wanauliza kwa sababu wanataka kujua, ili kesho wakupangie kazi unayoiweza na mti uingie ardhini. Ukijibu nzuri kwa kila kitu watakuamini, na utabaki peke yako ndani ya hiyo nzuri yako. Salamu zetu ni nzuri na nazipenda, lakini tumezizoea kiasi kwamba mtu anaweza kuungua huku anajibu salama.

Turudi kwa Babu yako. Zamani hizo simu haikuwa kitu cha mfukoni. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa mjini, Mzee Kanji, rafiki wa Baba. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka India, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa na Kisukuma alikisema kunizidi mimi. Alikuwa na simu dukani. Tulikubaliana kabla sijaondoka kwamba Jumamosi fulani, mwezi wa pili wa safari yangu, nitapiga, na mtu wa nyumbani atavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kuja kuisubiri simu yangu. Nilitegemea atakuwa Baba. Alikuja Kulwa, bado msichana wa shule.

Nilimuuliza, "Nyumbani hawajambo?" Akasema, "Hawajambo wote." Nikauliza, "Baba je?" Akasema, "Baba yuko shamba, anapalilia." Sauti yake ilikuwa changamfu kabisa. Nikamwambia, "Msalimie sana, mwambie mawe ya huku ni membamba, hayawezi ya kwetu." Akacheka. Nikaomba niongee na Mzee Kanji kumshukuru, Kulwa akasema ana wateja. Baba alikuwa ameshazikwa. Alifariki majuma mawili tu baada ya mimi kuondoka, aliumwa tumbo siku chache, wakamfikisha hospitali amechelewa. Mzee Kanji alifunga duka akaenda kumzika. Siku ile ya simu hakuwa na mteja hata mmoja. Alitoka akasimama nje mpaka mazungumzo yaishe, kwa sababu hakuweza kusikiliza.

Nilirudi mwisho wa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimemnunulia Baba sweta, ya kijivu, ya sufu nene, kwa sababu alikuwa akitoka alfajiri kukamua na alipenda kulalamika kuhusu ubaridi wa ziwa. Kwenye kivuko nilikutana na jirani yetu Shija. Tuliongea njia nzima. Aliniambia habari za mvua, bei ya pamba, ng'ombe wa fulani aliyezaa mapacha. Nikamuuliza, "Mzee umemwachaje?" Akatazama maji, akasema, "Utawakuta nyumbani." Sikugutuka. Nilimwonyesha mpaka ile sweta, akaishika, akasema ni nzito, nzuri. Najaribu kumlaumu Shija lakini siwezi. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Tulipofika kijijini watoto walinipokea mizigo wakanipitisha njia ya kisimani. Ni ndefu, na niliuliza kwa nini, wakasema ile nyingine ina matope. Njia ile nyingine inapita nyuma ya ua wa minyaa, na nyuma ya ua ndiko walikomlaza. Mama, yaani Bibi yako, alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akaitika. Akaniletea maji ya kunawa, akaniletea ugali na kuku mzima. Kwetu msafiri haambiwi neno zito akiwa na njaa, lazima ale kwanza apate nguvu za kulibeba. Nilikula, Minza. Nilikula kwa furaha, nikaongeza ugali, nikasimulia habari za kondoo wa Uskochi, na nyumba nzima ikakaa kunitazama nikitafuna. Nikauliza Baba anarudi saa ngapi, nikatoa na sweta nikaiweka juu ya kiti chake ili aikute. Nilipokwisha kunawa, Baba mdogo akaniambia, "Masanja, hebu twende nje kidogo."

Kwenye kaburi nyasi zilikuwa zimeshaota. Hilo ndilo lililonishinda. Kifo ningekiweza. Nyasi zile zilikuwa zinaniambia kwamba wenzangu wameshalia wakamaliza, wamenyoa nywele na zimeshaanza kuota tena, mvua imenyesha, na mimi ndio naanza, peke yangu, nimeshiba kuku.

Sasa nifike kwenye makosa yangu mwenyewe, maana mpaka hapo ni ya wengine. Sikulia. Nilirudi ndani nikamwambia Mama, mbele ya watu, "Nilipouliza Baba hajambo sikuuliza ili nifurahi. Niliuliza ili nijue." Nadhani hapo nilikuwa nimemwibia Morag maneno bila kujua. Nikachukua sweta kwenye kiti nikamtupia mapajani. Kesho yake asubuhi nikavuka kurudi chuo. Ndugu walikuwa wamepanga kuniwekea siku ya maombolezo, wamechanga na ng'ombe. Niliwaacha na ng'ombe wao.

Miaka kadhaa sikukanyaga nyumbani. Mama alituma watu, nikajibu niko salama. Niliumwa homa ya mapafu nikalazwa, sikumwambia. Nilipata ajira, alisikia kwa wauza dagaa. Nilimpenda Mama yako, nikamchumbia, Bibi akaambiwa na padri. Nilikuwa nimekasirika kwamba nilifichwa jambo moja, nikamficha yeye kila jambo, nikaona ni haki. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilichoniumbua ni kuzaliwa kwako. Nilikupeleka ng'ambo ya Kamanga ukiwa bado mchanga, nikamkuta amekaa nje alfajiri amevaa ile sweta. Mikono imemzidi ameikunja. Alikupokea bila kuniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia jina lako ni Minza, jina lake. Akasema, "Haya." Akakuingiza ndani ya sweta kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Basi tukaanza tena kusalimiana, na hatukulizungumza lile jambo hata siku moja.

Ndiyo, ni sweta ile ile. Ile ambayo umeikuta, umekua nayo, umemwambia Bibi mara mia aitupe kwa sababu inamfanya aonekane mzee wa kiume. Ilinunuliwa kwa ajili ya mzee wa kiume.

Leo, ulipoondoka, nilienda barazani kwa Bibi. Alikuwa amelala upande kwenye mkeka, ndivyo anavyopata pumzi. Kulwa alikuwa ameshaniwahi jikoni kuniambia msimamo wa ndugu: usiambiwe kitu mpaka umalize miezi yako mitatu, nafasi kama hii haiji mara mbili, na Bibi mwenyewe ndivyo atakavyotaka. Nikaona nikamuulize mwenyewe, nisije nikaambiwa tena kitu na Kulwa kwa niaba ya mtu.

Nikamwambia, "Mama, kikitokea kitu nitamwambia mtoto."

Nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Wewe unadhani nilikuficha ili ukae vizuri kule."

Nikasema ndivyo nilivyoambiwa.

"Hao ndio walisema hivyo. Mimi nilikuwa na langu." Akajivuta akakaa. "Nyumba nzima ilikuwa inalia, Masanja. Kila nikimwangalia mtu, namuona anajua Mabula amekufa. Kila mtu. Mpaka mbuzi niliona wanajua. Nikawaza, yupo mmoja, kule kwenye baridi, ambaye kwake Mabula bado yuko shambani anapalilia. Nikakuachia. Kulwa aliporudi kwenye simu akasema umemtumia salamu za mawe, nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu tuzike. Nikasema basi mahali pamoja bado yuko."

Nilikaa pale na miaka yangu yote hii na sikujua niweke wapi mikono. Nikamwambia, "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Ulinuna."

Ndivyo alivyosema, mwanangu, ulinuna, utadhani nilikuwa nimenyimwa maandazi. Halafu akasema, "Nilikukosea. Lakini ilinisaidia. Vyote viwili." Nikalia. Nililia pale barazani saa nane mchana, watu wakipita njiani, na Bibi yako akanipigapiga goti huku akimsalimia kila anayepita ili wasiulize. Nilikuwa na deni la kilio hicho kwa Babu yako muda mrefu na sikutegemea ningelilipa leo.

Nilipomaliza nikamuuliza, "Na huyu Minza?"

Akasema, "Huyu mwambie. Ana jina langu. Mtu hawezi kufichwa habari zake mwenyewe." Akalala tena upande wake. Halafu, macho yamefumba, "Ila ale kwanza."

Kwa hilo la kula tulibishana, na sitakuficha kwamba nilimkatalia mama yangu mzazi akiwa mgonjwa. Mimi nilishiba kuku. Sitaki wewe ushibe kitu.

Basi hili ndilo jibu lako. Nitakuambia. Nitakuambia akizidiwa, sitasubiri mpaka iwe lile jingine. Nitapiga simu mimi mwenyewe, sitamtuma Kulwa. Nitapiga saa yoyote itakayokuwa, hata kama huko kwenu mko mlimani na miche mikononi. Na nitawahi, maana siku hizi mtu anawekwa kwenye status na mshumaa wa kuwaka kabla hata hajapoa, na sitaki usome habari za Bibi yako chini ya picha ya maua. Ndugu nimeshawaambia mchana huu huu: wa kwanza kujua baada yangu ni Minza. Kulwa amenuna. Inaonekana ni ugonjwa wa ukoo.

Kama utarudi au utabaki, nitakapokuambia, sitakupangia. Uwezekano ni mkubwa hutawahi mazishi, hapa hatusubiri. Ukibaki ukapanda miti yako, hakuna atakayesema hukumpenda. Kulwa atasema, lakini Kulwa husema. Ukilia huko, lia mbele ya watu, usijifungie. Waambie wenzako, mwambie Morag wako, atakayekuwepo huyo. Na sisi tutakuwekea siku yako ukirudi, hata kama nyasi zitakuwa zimeota, na nitakaa na wewe chini mpaka umalize. Ng'ombe safari hii nitamla.

Daktari hakusema siku wala mwezi. Alisema tu moyo umechoka na dawa zitausaidia kwa kadiri zitakavyoweza. Huenda ukarudi ukamkuta amekaa hapo nje na sweta yake, anakuuliza miti imeota? Ninaombea hivyo. Naogopa pia, na nimeona nikuandikie kwamba naogopa, kwa sababu nikiongea nawe kesho nitakuwa nabeba mabegi na kutoa amri.

Nenda, Minza. Ningependa uende. Nilipokuwa mlimani kule kwa Morag, pamoja na kucha zangu, nilijua kwa mara ya kwanza kwamba naweza kuwa mtu wa manufaa kwa watu wasionijua ukoo wala baba. Nataka nawe ulijue hilo. Lakini nataka ukiwa unachimba mashimo yako usiwe unajiuliza kama nyumba unayoikumbuka bado ipo. Ipo kama ninavyokuambia. Ikibadilika nitakuambia imebadilika.

Kwa kuwa najua utataka njia ya kuhakikisha, na una haki, tuwekeane hivi. Wewe hujawahi kunipigia simu bila kuniamkia. Hata ulipoibiwa simu mjini ukapiga kwa simu ya mtu huku unalia, ulianza na shikamoo. Endelea hivyo hivyo. Ukisema shikamoo, nikaitika marahaba, jua kwamba saa hiyo Bibi yupo, anapumua, na yote nitakayosema baadaye kuhusu mvua na bei ya sangara ni habari za kweli. Siku ambayo sitaweza kuitika hivyo, sitaitika. Nitalisema lenyewe kwanza, kabla ya marahaba, kabla ya kukuuliza kama umekula.

Barua naiweka juu ya nguo zako. Zipu sikuigusa, begi ni lako. Nimemsikia Bibi akikohoa barazani, na Mama yako anamgeuza.

Kesho asubuhi ukitoka humo chumbani, uniamkie. Nitakuwa nimesimama mlangoni, nitaitika.

Baba yako,
Masanja